Nani Alikataa Kisu

Kijijini kwao, kwenye uwanda ulio mashariki ya mji wa Gonbad, kaskazini mwa Iran, Ogulgerek alijulikana kwa mazulia yake na kwa ukimya wake. Kuhusu mazulia walikuwa sahihi. Kuhusu ukimya walikosea vibaya. Mwanamke yule hakuwa mkimya hata kidogo, alikuwa amefungwa mdomo, na watu wanaochanganya mambo hayo mawili mara nyingi ndio hao hao waliofunga.

Jina lake lenyewe lilikuwa dharau. Wazazi wake walikuwa na mabinti wanne alipozaliwa, wakamwita Ogulgerek, yaani tunataka mtoto wa kiume, kana kwamba yeye ni salamu tu ya kumkumbusha Mungu oda yao. Mtoto wa kiume alikuja mwaka uliofuata. Hakuna aliyefikiria kumbadilishia jina msichana.

Alipoolewa na Tagan hakuwa ametimiza miaka kumi na minane. Siku hiyo hiyo alivikwa yashmaki, ile pembe ya mtandio inayopitishwa mdomoni na kushikwa kwa meno, ili mke wa mwana asitoe sauti mbele ya baba mkwe wake. Katika nyumba nyingi jambo hilo lina mwisho. Mtoto wa kwanza anazaliwa, au wa pili, baba mkwe anachinja kondoo, anamwambia bibi harusi wa zamani, "Binti yangu, sema sasa," na maisha yanaendelea. Mzee Hally, baba yake Tagan, hakusema hivyo. Wala hakuwa mtu mbaya, mzee wa watu, mfugaji farasi mwenye jina. Alisahau tu. Alisahau kwa zaidi ya miaka thelathini. Na wa kumkumbusha alikuwa nani, ikiwa mwenye haja ndiye asiyeruhusiwa kusema?

Basi Ogulgerek alizaa watoto watatu, akamzika mama mkwe, akapata mke wa mwanawe yeye mwenyewe, na bado alikuwa akimwambia mtoto aliye karibu, "Mwambie babu chai iko tayari," ilhali babu amekaa hatua chache kutoka kwenye birika. Alikula akiwa ameugeukia ukuta, mtandio umeteremka kidogo, tonge linaingizwa kwa chini. Ndiyo maana chakula kilipoanza kumkwama hakuna mwanamume aliyeona.

Kwanza ulikuwa mkate. Tonge linashuka, linafika katikati ya kifua, linasimama, linaganda hapo, mpaka alisukume kwa chai. Akawa anauchovya. Kisha nyama ikagoma, kisha wali. Mkate wake akawa anawapelekea kuku chini ya mtandio.

Aliyeona ni Sulgun, mke wa mwanawe Meret, binti mwenye ulimi mwepesi ambaye Ogulgerek alimfungulia yashmaki wiki ya kwanza, kwa hasira tu.

"Mama, kuku wetu wananenepa na wewe unakonda. Kuna nini?"

"Kuna macho yako. Fuma."

"Nafuma. Lakini ule mkate nilikuokea wewe, sikumwokea jogoo."

Ogulgerek akakaza nyuzi za zulia bila kujibu. Alijua. Mama yake mzazi alikufa hivyo hivyo, mkate ulimkwama, kisha supu, kisha maji, kisha mate yake mwenyewe. Pande zile ugonjwa huo hauhitaji kutambulishwa, kila ukoo una kaburi lake. Usiku ule Sulgun alimwambia mumewe, na baada ya Nowruz, sikukuu ya mwaka mpya, Meret akampakia mama yake kwenye gari, Tagan akiwa kiti cha mbele, wakaenda mjini hospitali.

Walimwingiza mpira wenye kamera mdomoni. Alipozinduka, daktari, Mwajemi mwenye nywele nyeupe na sauti ya taratibu, alikuwa akizungumza na Meret. Alizungumza kirefu. Alichora kwenye karatasi, akaonyesha kifua chake mwenyewe, akaonyesha shingo. Ogulgerek hakujua Kiajemi zaidi ya salamu na bei ya sufu. Akangoja.

"Anasema ni kidonda, mama," Meret akamwambia kwa Kiturkmeni. "Na chai usinywe ya moto."

"Maneno yote yale ni kidonda tu?"

"Kiajemi kina maneno mengi."

Tagan akatazama dirishani. Ogulgerek aliona, akajiambia kwamba mumewe anatazama dirishani tangu siku ya harusi yao, hakuna jipya.

Aliyoyasema daktari yule Ogulgerek aliyajua miezi baadaye, lakini wewe msomaji yajue sasa, usidanganywe pamoja naye. Alisema ni saratani ya umio. Alisema imewahiwa, picha hazionyeshi kuwa imetoka nje ya mahali pake. Inakatwa. Umio ulioharibika unatolewa, tumbo linashonwa liwe kama bomba na kuvutwa juu mpaka shingoni, na mtu anakula kwa hilo. Ni upasuaji mkubwa, wengine hawatoki salama, lakini kwa mwanamke mwenye nguvu kama huyu, aliyekuja mapema hivi, yeye angeshauri usicheleweshwe hata kidogo.

Siku ya pili wanaume walikaa chumba kikubwa, Mzee Hally, Tagan, ndugu zake wawili na Meret, kila mmoja na birika lake mbele yake kama kawaida, kwani Mturkmeni hashiriki birika. Mwenye koo lililojadiliwa alikuwa jikoni akiwachemshia maji.

"Daktari anasema chanzo ni chai," Meret aliwaambia.

"Chai!" Mzee Hally aliguna. "Baba yangu alikunywa inayochemka maisha yake yote."

"Na alikufa na nini, babu?"

"Alikwamiwa na mkate. Hilo ni jambo jingine."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha mzee akaweka bakuli lake la chai chini na kusema lile lililomaliza kikao. Alisema mkewe, mama yao, alipelekwa kwa kisu na wao wenyewe wanakumbuka. Alipanda gari kwa miguu yake. Walimrudisha kwenye blanketi. Ugonjwa huu ukiguswa na chuma unaamka, alisema, na yeye hatamtuma mwanamke mwingine wa nyumba hii kwenda kuamshiwa. Wamwache afe kwa heshima, akijua ana kidonda.

Wanaume wakaitikia. Meret aliitikia wa mwisho, lakini aliitikia. Akampigia daktari simu, na kwa kuwa aliona aibu kusema babu amekataa, alisema, "Mama mwenyewe hataki kupasuliwa. Tumemsihi, amekataa katakata."

Daktari angefanya nini? Aliwaambia basi wamlete amzibulie njia walau ale. Akampanua umio kwa kifaa, na kwa muda chakula kikapita. Na hapa ndipo hasira ya mtu inapostahili kuwaka: Ogulgerek alishukuru! Alikula tambi laini kwenye mchuzi wa maziwa, akalia kwa furaha. Alichinja kondoo wa sadaka, akawapakulia kwa mikono yake wanaume wale wale waliomhukumu, akamsogezea Mzee Hally kipande cha mkia chenye mafuta. Walikula. Walimwombea dua ndefu. Mmoja wa shemeji zake alisema, "Mungu ni mkubwa," akajipangusa mdomo.

Pamba ilipokuwa inavunwa njia ikaziba tena. Safari hii hata uji ulirudi. Meret akampeleka ili apanuliwe mara ya pili, akamwacha kwenye benchi la wanawake akaenda kutafuta mahali pa kuegesha gari. Muuguzi aliyekuja kumvua bangili alikuwa mpya, binti wa Kiturkmeni wa upande wa Aq Qala aitwaye Ayjeren, na alimsalimia kwa lugha yao. Ogulgerek alifurahi kama aliyekutana na dada.

"Kidonda hiki hakitaki kupona, mwanangu," alisema. "Mtanisugua mpaka lini?"

Ayjeren akamtazama. "Kidonda gani, mama?"

"Hiki cha umio."

Binti akatazama mlangoni. Alikuwa na sura ya mtu aliyekanyaga kitu laini gizani. Lakini alikuwa na hasira zake pia, Mungu ambariki. "Mama, mimi nilidhani unajua. Daktari alisema kila mara anakuuliza na wewe unakataa upasuaji. Anakusikitikia. Anatuambia, angalieni mwanamke huyu, anaweza kuokoka na hataki."

"Nani hataki?"

"Wewe."

"Nani alisema?"

"Mwanao."

 Akili ya Ogulgerek ilikuwa inarudi nyuma, inapita kila siku tangu Nowruz na kuigeuza. Kondoo. Dua. Kiajemi kina maneno mengi. Akahisi kitu kinapanda kutoka tumboni, na kwa mara ya kwanza katika miezi hiyo hakuna kilichokikwamisha.

"Jina lake halisi nini, hicho kidonda?"

Ayjeren akamwambia. Akamwambia na habari ya kisu, yote, kwa Kiturkmeni safi, mpaka na tumbo kuvutwa juu shingoni. Meret alipoingia akizungusha funguo kidoleni aliwakuta wote wawili wanamtazama, na funguo zikaacha kuzunguka.

Wakashika njia ya kurudi. Meret alilia akiwa anaendesha, akasema, "Mama, nilitaka usiogope," akasema, "Mama, ni babu," akasema, "Nipige basi." 

Nyumbani chakula cha jioni kilikuwa kimeandaliwa. Mzee Hally amekaa mahali pake pa juu, Tagan pembeni yake, na shemeji mmoja aliyekuja kuuliza habari za mgonjwa, maana wamependa sana kuuliza habari. Sulgun alikuwa anaingiza mabirika. Ogulgerek akalichukua birika la mzee mkononi mwa Sulgun, akapita mbele ya mumewe, akapita mbele ya shemeji, akaketi uso kwa uso na baba mkwe wake, mahali ambapo hajawahi kuketi. Akaweka birika chini. Akautoa mtandio katikati ya meno.

"Baba," alisema.

Donge la sukari lilimponyoka mzee vidoleni. Tagan akageuka kama aliyesikia ukuta unaongea.

"Baba, nani alikataa kisu?"

"Mama Meret!" Tagan alinong'ona. "Unamwaibisha baba. Funika mdomo."

"Wewe nyamaza. Umesema miaka yote, umesema nini? Leo zamu yangu." Hakumgeukia hata. "Nauliza, baba. Hospitali nzima inajua kwamba mimi ni mwanamke mpumbavu aliyekataa kuokolewa. Mimi sikuulizwa. Nani alikataa?"

Mzee Hally alikuwa na mengi ya kulaumiwa, lakini mwongo hakuwa. "Mimi," alisema.

"Kwa nini?"

"Mke wangu alikwenda kwa miguu akarudi kwenye blanketi. Unakumbuka."

"Nakumbuka. Nilimwosha mimi. Lakini yeye aliulizwa?"

Mzee akafikiri. "Aliulizwa. Yeye mwenyewe alitaka."

"Basi alikufa akiwa mtu. Mimi mlitaka nife kama yule kondoo wa sadaka, nalishwa vizuri na kuombewa dua!" Sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyodhania, nene, imejaa chumba, na ilimshangaza yeye mwenyewe, na hakuipunguza. "Nimekufungia mdomo wangu tangu nikiwa msichana. Umesahau kuufungua, nikasema basi, mzee ana mambo mengi. Heshima niliyokupa ni ya mdomo, baba. Koo sikukupa. Koo ni langu!"

Shemeji alianza kuinuka, "Huyu mwanamke homa imempanda—"

"Kaa," Mzee Hally alimwambia.  Alimtazama mke wa mwanawe kama anayemtazama mtu aliyeingia kutoka barabarani, na kusema kweli ndivyo ilivyokuwa, hakuwahi kumwona uso wote. "Nilidhani nilikwisha kukufungulia," alisema polepole. "Wallahi nilidhani nilikufungulia alipozaliwa Meret."

"Hukunifungulia."

"Mbona hukusema?"

Sulgun, mlangoni, akaangua kicheko kibaya kilichomtoka bila kukusudia, akajiziba mdomo kwa kiganja. Ogulgerek hakucheka. Alimtazama mzee mpaka mzee mwenyewe akasikia alichouliza, na akainamisha kichwa.

"Mpelekeni kesho," alisema.

"Sipelekwi," Ogulgerek akasema. "Ninakwenda. Meret ataendesha gari tu."

Picha mpya zilionyesha uvimbe umekua, lakini daktari alisema bado unakatika. Ayjeren aliombwa asimame pale na kufasiri, na Ogulgerek akauliza kila alilotaka: watakata wapi, nini kitabaki, wangapi hufa. Daktari alijibu yote. Mwishoni akasema jambo, na Ayjeren akatabasamu kidogo, "Anasema hujawahi kuwa na maswali." "Mwambie nilikuwa nayo," Ogulgerek akajibu. Akapanda kitanda cha magurudumu mwenyewe.

Walimfungua tumbo na shingo. Siku nyingi alilishwa kwa mpira ulioingia utumboni, na mpira mwingine ukitoa majimaji kifuani, na homa ikaja ikaondoka. Kisha wakampa dawa nyeupe anywe mbele ya mashine ya picha, ikashuka vizuri bila kuvuja, na siku iliyofuata akameza maji, kijiko kwa kijiko, yakapita. Alifungua kinywa ili amwambie Sulgun. Kilichotoka ni mkwaruzo, kama kucha kwenye gunia.

Mshipa wa sauti uliguswa, daktari alieleza. Inatokea shingo inapofunguliwa. Huenda ikarudi, huenda isirudi.

Lo, alivyokasirika! Aliwakasirikia wote, wazima kwa wafu. Sauti aliyoikalia maisha yake yote, aliyoitoa jioni moja tu ikajaza chumba, ndiyo hiyo imekwenda. Alipiga kitanda kwa kiganja mpaka Ayjeren akaja mbio. "Kama ningejua," alikwaruza, "ningewatukana kwa wiki nzima kabla ya kuja."

Nyumbani alianza kujifunza kula upya. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, amekaa wima, na kulala amejiinua kwenye mito, la sivyo chakula kinapanda. Majirani walileta masufuria ya wali na nyama, wakamwona anakula vijiko vichache, wakanuna. "Kisu kimemwachia tumbo la shomoro," walisema, na wengine walimwambia Sulgun kwamba wangekuwa wao wangekufa na heshima zao. Sulgun aliwajibu yanayostahili. Mzee Hally alianza kuja mpaka mlango wa chumba cha mgonjwa kila asubuhi, akisimama nje kwa fimbo yake. "Umekula, binti?" anauliza, na hamwulizi Sulgun wala mtoto, anangoja mpaka ule mkwaruzo umfikie. "Nimekula." Kisha anaondoka. Ogulgerek hakumsamehe kwa ajili ya hilo. Lakini alijibu.

Baada ya wiki chache waliitwa kusikia majibu ya vipimo vya kile kilichotolewa. Ayjeren hakuwa zamu. Tagan alisema warudi siku nyingine, na Ogulgerek akakwaruza kwamba mfasiri yupo, ana mtoto mzima aliyesomeshwa.

Wakaketi. Daktari akaongea kirefu, na Meret akamgeukia mama yake.

"Leo usinipunguzie," mama yake alimwambia.

"Anasema uvimbe wameutoa wote waliouona," Meret akasema. "Kingo za walipokata ni safi. Anasema tezi walizotoa pamoja nao... kadhaa zilikuwa na ugonjwa. Utahitaji dawa za kuingizwa mishipani, mama, zitakuchosha sana. Anasema ugonjwa unaweza kurudi. Anasema waliokuwa hivi kama wewe, wanaokaa miaka mitano si wengi. Wapo, lakini si wengi."

Alikuwa analia na hakujificha. Ogulgerek aliitikia kwa kichwa kwa kila jambo, kama anayehesabiwa mali yake.

"Muulize, na wangenipasua wakati ule wa Nowruz?"

"Mama, ya nini tena—"

"Muulize."

Meret akauliza, kwa sauti ya chini. Daktari akavua miwani. Akamtazama Ogulgerek, si Meret, na akajibu kwa maneno machache. Tagan, anayejua Kiajemi vizuri maana huuza mazulia ya mkewe kwa lugha hiyo, akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Hapo mwanamke alikwisha kupata jibu. Lakini alikuwa amechoka kupata majibu kutoka kwenye nyuso za watu.

"Fasiri," alisema.

"Anasema..." Meret akajipangusa. "Anasema wakati ule tezi zilionekana safi. Hawezi kuapa. Lakini nafasi yako ilikuwa kubwa kuliko sasa, labda mara mbili yake."

"Na nini tena? Alisema zaidi ya hapo."

"Anasema anasikitika kwamba ulikataa."

Ogulgerek akainuka. Kusimama kulimchukua muda, mkono mmoja kwenye mshono, na hakuna aliyethubutu kumshika. Mtandio ulikuwa mabegani. Sauti ile mbovu haikuweza kufika mbali, kwa hiyo alimkaribia mwanawe na kumsemea sikioni.

"Mwambie nani alikataa. Kwa majina."

Meret akamgeukia daktari. Akaanza, akakwama, akaanza tena, na safari hii alisema kirefu. Ogulgerek alisimama anasikiliza lugha asiyoijua, neno kwa neno, mpaka akasikia jina la Hally likipita, na la Tagan, na majina ya shemeji zake wawili. Hakuketi. Alingoja mpaka mwanawe ataje na lake mwenyewe.